Timu ya Nne

Wapo watu wanaodai kuwa kutazama mashindano ya chemsha bongo katika televisheni ni kupoteza wakati, na kwamba kutazama yale yanayohusu filamu, nyimbo na matangazo ya biashara ni kupoteza wakati mara mbili. Hoja yao si ya kupuuzwa. Anayejua mji mkuu wa Mongolia amejifunza jiografia. Je, anayejua jina la mbwa wa familia ya The Simpsons amejifunza nini? Mimi ni mtazamaji wa siku nyingi wa mashindano ya namna hii, nami nataka kuyatetea, ingawa si yote, wala si kwa kila sababu.

Mfano wangu ni Pop Culture Jeopardy!, mashindano yaliyoanza kuonyeshwa Marekani mwezi Desemba 2024 katika Prime Video, yakiongozwa na mchekeshaji Colin Jost. Timu 81, kila moja ikiwa na watu watatu, ziliingia ulingoni, timu tatu kwa kila mchezo. Zikabaki 27, kisha 9, kisha 3, hadi moja ikaondoka na dola 300,000. Mzazi wao ni Jeopardy!, iliyobuniwa na Merv Griffin na kuanza kuonyeshwa mwaka 1964, ambamo kiongozi husoma jibu na mshindani hutoa swali. Kaka yao ni Rock & Roll Jeopardy!, iliyoonyeshwa na VH1 kati ya 1998 na 2001. Kwa hiyo wazo la kuuliza watu mambo ya starehe kwa uzito ule ule wanaoulizwa historia na sayansi si jipya.

Tena ukichimba utakuta kwamba mambo ya starehe yalikuwamo tangu shina. Katika miaka ya 1950 Wamarekani walikuwa na mashindano yaliyoitwa Twenty-One, ambayo baadaye iligundulika kuwa yalipangwa: washindani walipewa majibu, na wengine waliamriwa washindwe. Mwaka 1956 Herb Stempel aliambiwa ampishe Charles Van Doren. Moja ya maswali aliyotakiwa kukosea lilikuwa la filamu iliyopata tuzo ya Oscar ya filamu bora ya mwaka 1955. Jibu ni Marty. Stempel alilijua, kwani filamu yenyewe alikuwa ameitazama na kuipenda, lakini akataja nyingine kama alivyoamriwa. Mwaka 1959 Van Doren alikiri mbele ya kamati ya Bunge la Marekani. Jambo linalonigusa mimi ni kwamba katika maswali yote yale, lililobaki kumchoma Stempel ni hilo la filamu. Mtu akikosea jina la mfalme wa kale, majirani hawamshangai. Akikosea filamu ambayo mtaa mzima umeitazama, ameaibika mbele ya watu wake.

Kashfa hiyo ndiyo iliyozaa Jeopardy!. Griffin alikuwa akitafuta namna ya kurudisha chemsha bongo kwa watu waliokwisha kuichukia, na mkewe Julann akamwuliza kwa nini wasiwape washindani majibu waziwazi, wao watafute maswali. Akampa mifano miwili. Wa kwanza ulikuwa 5,280, yaani idadi ya futi katika maili moja. Wa pili ulikuwa 79 Wistful Vista, yaani anwani ya Fibber McGee na Molly, mume na mke wa mchezo wa kuchekesha uliopendwa sana redioni. Mfano mmoja wa shuleni, mmoja wa sebuleni. Nusu ya wazo lilikuwa mambo ya starehe kabla hata mashindano hayajapata jina.

Sasa tumwangalie mtazamaji, maana ndiye hasa ninayemwandikia. Katika studio timu ni tatu. Ya nne ni yetu sisi tuliokaa kwenye kochi. Timu ya nne ina raha zake na dhuluma zake. Katika Jeopardy! ya sasa, mshindani hawezi kubonyeza kitufe kabla kiongozi hajamaliza kusoma. Akiwahi, kitufe chake hufungwa kwa robo ya sekunde, na robo hiyo yatosha kumpa mwenzake nafasi. Nyumbani hakuna kitufe. Tunajibu kabla swali halijaisha, tunapiga kelele, tunajipa alama. Ndiyo maana mashabiki walibuni hesabu ya kujipima inayoitwa kwa jina la Karl Coryat, aliyepata kuwa bingwa mwaka 1996: unahesabu madokezo kwa thamani yake ya kawaida tu, ukiacha dau la mwisho. Ni hesabu ya watu waungwana, kwa kuwa hakuna anayeikagua.

Ubora wa mashindano haya, kwa maoni yangu, haupo katika fedha wala katika mizaha ya kiongozi. Upo katika namna dokezo linavyoandikwa. Dokezo baya lina mlango mmoja: ama unajua ama hujui. Ukimwuliza mtu albamu fulani ilitoka tarehe ngapi, umemfungia nje. Dokezo zuri lina milango miwili. Nitatoa mfano wangu mwenyewe. Ukisema, “Sauti ya Vincent Price, mwigizaji wa filamu za kutisha, inasikika katika wimbo huu wa Michael Jackson,” mwenye kumbukumbu ataingia kwa mlango wa mbele. Na asiye nayo atajiuliza ni wimbo gani wa Michael Jackson wenye mambo ya kutisha, ataupata Thriller kwa mlango wa nyuma. Hapa ndipo chemsha bongo inapokaribia vitendawili vyetu. Nyumba isiyo na mlango ni yai. Si lazima uwe umeambiwa, yatosha uwe umepata kulitazama yai.

Lakini kuna madokezo ambayo hata milango kumi haisaidii. Mimi nilikulia Tanzania Bara, ambako hatukuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, ijapokuwa Zanzibar walikuwa nacho tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Filamu za Marekani nilizijua kwa kanda za video na kumbi za sinema, na nyimbo kwa redio. Kwa hiyo safu za filamu na muziki nazimudu. Inapokuja safu ya matangazo ya biashara, vyakula vya asubuhi vya watoto, au vipindi vya katuni vya Jumamosi, nakaa kimya kama mgeni aliyeketishwa katikati ya wanandugu wanaokumbushana mambo ya bibi yao. Binti yangu, aliyezaliwa huku Marekani, hujibu kabla kiongozi hajavuta pumzi. Siku moja nilimwuliza, “Umejuaje?” Akanitazama kwa mshangao.

“Sijui, Baba. Najua tu.”

Neno hilo “najua tu” limenifundisha zaidi ya mashindano yenyewe. Yapo maarifa tunayoyatafuta na yapo yanayotuingia tukiwa tunacheza, kama vumbi linavyoingia nguoni. Ya kwanza yanaonyesha bidii ya mtu. Ya pili yanaonyesha alikolelewa. Mongolia naweza kuisoma leo nikaijua kesho. Utoto wa mtaa wa Marekani siwezi kuusoma, na hata nikisoma nitakuwa nimekariri. Nayo mizani hii ina upande wa pili. Nikimwambia mwanangu “Kitendawili!” yeye husita kidogo kabla ya kusema “Tega!” Mimi sikumbuki nani alinifundisha neno hilo. Najua tu. Yeye amefundishwa, na mwalimu ni mimi. Kila tunapocheza, hasara yangu na hasara yake zinasomeka ubaoni, bila dola hata moja.

Basi lawama yangu kwa Pop Culture Jeopardy! ni hii. Wanalichukulia neno “watu” kana kwamba ni watu wa namna moja. Wanaposema jambo fulani linajulikana na wote, wanamaanisha wote waliokaa mbele ya televisheni zile zile, katika miaka ile ile. Vilevile kasi ya mchezo haitoi nafasi ya kufurahia jibu: dokezo zuri likishajibiwa linatupwa kama ganda la chungwa. Katika vitendawili vyetu, anayeshindwa humwambia mtegaji, “Nakupa mji,” na mtegaji hupita katika mji huo akijigamba kabla ya kufumbua. Kushindwa kunapewa muda wake, na asiyejua anaondoka akiwa anajua. Kwenye Jeopardy! asiyejua anapunguziwa fedha, dokezo jingine linasomwa.

Hata hivyo sifa inabaki kubwa kuliko lawama. Haya ni mashindano machache yanayomwambia fundi seremala, muuguzi na dereva wa basi kwamba nyimbo walizoimba wakifanya kazi na filamu walizolilia hazikuwa takataka za akilini, bali ni mali iliyohifadhiwa. Sijui ni mtihani gani mwingine unaowapa heshima hiyo. Nami naona kila lugha inastahili ubao wake wa namna hii, wenye dansi la Mbaraka Mwinshehe, taarabu ya Siti binti Saad, michezo ya redio na kanga zenye maneno. Sisemi hivyo ili tuwashinde Wamarekani. Nasema kwa kuwa mambo tunayoyajua tu, yasipoulizwa kwa muda mrefu, huanza kufa kimya kimya, na mtu wa kwanza kuyakosa ni mtoto aliyekaa kando yako kwenye kochi.