Bwana Msa Analipwa na Nani?

Juzi nilimrudia Muhammed Said Abdulla kwa raha zangu tu, na swali moja likaniganda kichwani: hivi Bwana Msa anaishi kwa kipato gani?

Tunamjua. Ana kiko chake, ana Najum ubavuni, na kila penye maiti au fumbo la ukoo hakosi kuwapo. Polisi siye, polisi ni Inspekta Seif. Hana ofisi wala kibao mlangoni. Shida za watu ndizo zilizomjengea jina, na jina hilo limebeba mfululizo mzima wa riwaya, kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale, ulioshinda shindano la uandishi mwishoni mwa miaka ya 1950, hadi Kosa la Bwana Msa la mwaka 1984. Lakini tumbaku ya kiko hununuliwa dukani, jamani. Nani anatoa hela?

Wahakiki wamezoea kumwita Sherlock Holmes wa Unguja. Sawa, kiko ni kile kile na rafiki ni yule yule. Ila ukiingiza habari ya pesa, wawili hawa wanaachana njia.

Holmes ni mtu wa kazi. Katika A Study in Scarlet (1887) tunampata akitafuta wa kuchangia naye kodi ya nyumba, kwa sababu peke yake haimudu. Hivyo ndivyo anavyokutana na Watson. Kisha anaeleza kwamba ameibuni kazi yake mwenyewe: watu wanamletea matatizo, yeye anayatatua, wao wanalipa. Katika A Scandal in Bohemia mfalme anamwekea mezani pauni 300 za dhahabu na 700 za noti, eti za matumizi ya kuanzia. Na katika hadithi ya Thor Bridge anamwambia tajiri mmoja kwamba ada yake haipandi wala haishuki, labda aisamehe kabisa. Huyo ni fundi anayejua bei ya ufundi wake.

Conan Doyle, kwa bahati nzuri, hakuificha hatari ya jambo hili. Soma The Priory School. Mtoto wa mwungwana mkubwa ametoroshwa, mwalimu mmoja ameuawa, na Holmes anagundua kwamba aliyepanga utekaji ni mtoto mwingine wa huyohuyo mwungwana, aliyezaliwa nje ya ndoa na kufichwa kwa cheo cha karani. Baba anataka mambo yaishie pale pale. Holmes anamkemea kwelikweli, kisha anaikunja hundi nono na kuitia mfukoni. Hapo msomaji anabaki na dukuduku: hundi hii ni malipo ya kichwa au ya mdomo?

Nadhani dukuduku hilo ndilo linalomweleza Bwana Msa. Mafumbo yake mengi si ya benki wala ya vito. Ni ya nasaba, mirathi na ndoa. Kichwa tu cha Mke Mmoja Waume Watatu kinakutosha. Hayo ni mambo ya sitara. Kwa watu wa visiwani, anayefunguliwa mlango mpaka ukumbi wa ndani, akaambiwa nani hasa ni mtoto wa nani, hawezi kutoka na risiti mkononi. Ukimlipa, umemfanya mtumishi, na mtumishi anaweza kununuliwa na mwingine kesho. Asiyelipwa ndiye anayeaminika. Uhuru wa Bwana Msa kuwaambia wakubwa ukweli unatokana na kutokuwa na cha kuwadai.

Ukiangalia maisha ya mwandishi, jambo hili linanoga zaidi. Abdulla alipomaliza shule mwaka 1938 aliajiriwa Idara ya Afya, akawa mkaguzi. Miaka kumi baadaye akaingia kwenye magazeti, na kuanzia 1958 hadi 1968 alihariri gazeti la Mkulima. Mkaguzi wa afya naye huingia nyumba za watu, huuliza maswali na kuchungulia pasipopendeza, lakini huingia kwa amri ya serikali. Nasoma Bwana Msa kama mtu ambaye Abdulla asingeweza kuwa kazini: anayeingia kwa kukaribishwa.

Hapo hapo ndipo ninapomlaumu. Uungwana wa bure una gharama, ila riwaya inaisukumia nje ya ukurasa. Mtu anayeweza kukaa siku nzima akifukiza kiko na kuwaza matatizo ya wenzake ni mtu ambaye matatizo yake mwenyewe yanatatuliwa na wengine. Wapo wanaopika, wanaofua, wanaopanda minazi. Hao shida zao hazipati mpelelezi. Fumbo huanza mwenye shamba anapokufa.

Waliofuata waliliona pengo hilo. Willy Gamba wa Elvis Musiba, tangu Kufa na Kupona (1974), ni mpelelezi wa serikali: shida anazotatua ni za taifa, na taifa ndilo linalomtuma. Swali la pesa limejibiwa, lakini ule mlango wa ukumbi wa ndani umefungwa. Kwa Gamba nchi inaokolewa. Nyumba ya mtu mmoja, na aibu yake, haionekani sana.

Kwa nini nayasumbukia haya? Kwa sababu wengi wetu tunaosoma humu tuna kiko chetu kidogo. “Nisomee mswada wangu, dakika tano tu.” “Nitafsirie kiukurasa kimoja.” Tunafanya, tunashukuriwa, jina linakua, na mwisho wa mwezi mwenye nyumba hapokei shukrani. Siku nilipotaja bei kwa mara ya kwanza, rafiki yangu alinyamaza, kisha akasema, “Kumbe siku hizi ni kazi.” Iliniuma, na bado sijui kama aliniheshimu au alinivua cheo.

Holmes angemtajia kiwango bila kupepesa. Bwana Msa angecheka na kuwasha kiberiti. Mimi nilimpunguzia bei. Mswada wake niliusoma wote, na sikuthubutu kumwambia kwamba sura ya tatu haifai.