Kiti, kodiani na kilinge: ngoma ya pepo inavyomtunza mgonjwa wa siku nyingi

Ngoma ya pepo Unguja huanza na maradhi yaliyogoma. Mtu anaumwa kichwa hakitulii, mimba zinamharibika, miguu inakufa ganzi, usingizi umemkimbia. Amekwenda hospitali, amesomewa, amekunywa kombe, na bado. Hapo ndipo jamaa huanza kunong'onezana kuwa huenda ana mtu wake kichwani, yaani pepo au sheitani. Ngoma hii, basi, haikuwekwa kwa ajili ya homa ya siku tatu. Iliwekwa kwa mtu atakayeamka kesho na ugonjwa wake, na mwakani pia. Nataka kuitazama kwa jicho la fundi, nione ilivyoungwa kipande kwa kipande, kwa sababu dunia sasa inazungumza sana habari za sanaa na afya, nasi tunao ufundi wa zamani ambao tumezoea kuutazama kwa hofu au kwa aibu.

Nachukua mfano wa ngoma ya kibuki. Jina lenyewe linatokana na Bukini, yaani Madagaska. Kjersti Larsen, mwanaanthropolojia wa Norway aliyeanza kufanya utafiti mjini Zanzibar miaka ya 1980 na kutoa kitabu chake mwaka 2008, ameeleza namna watu wa mjini wanavyoyagawa masheitani kwa makabila. Kuna ruhani, ambao ni Waarabu na Waislamu. Rubamba wa Pemba. Habeshia wa Uhabeshi. Na kibuki wa Bukini, ambao ni Wakristo na hupenda brandi. Kila kabila lina nguo zake, harufu zake, chakula chake na mpigo wake. Ruhani hutaka nguo nyeupe, udi na marashi. Kibuki huitwa kwa kodiani (akodioni).

Nikiwa kijana nilipata kukaa ukumbini kwenye ngoma moja ya kibuki mtaa wa Ng'ambo, mjini Zanzibar. Mwele, yaani mgonjwa anayechezewa, alikuwa mama mtu mzima, magoti yamemvimba, ameketi mkekani amenyoosha miguu. Wimbo wa kwanza hakutikisika. Wa pili vilevile. Fundi, yaani mganga anayeongoza ngoma, hakuongeza kelele wala hakumhimiza. Alimtupia jicho mpiga kodiani, akabadilisha. Wimbo wa nne, kidole gumba cha mguu wa kushoto kikaanza kuitika. Fundi alikiona kabla yetu sote. Akaushika wimbo uleule, tena na tena, bila pupa, waitikiaji wakaongezeka sauti, mpaka kidole kikawa kisigino na kisigino kikawa bega. Hapo ndipo wanawake waliponiambia, "Anapandisha."

Uutazame ufundi uliomo mle. Wimbo ni swali, mwili ndio jibu. Fundi anayo hazina ya nyimbo nyingi na anazijaribu mmoja baada ya mwingine, akisoma vidole, pumzi na shingo ya mgonjwa. Hakuna anayemlazimisha mwele kucheza. Mpigo unamfuata alipo, na pale mwili unapojibu ndipo kazi inapoanzia.

Mpigo umetumiwa kwa wagonjwa hata mbali na kwetu. Mwaka 2001 kikundi cha densi cha Mark Morris kule Brooklyn, Marekani, kilianza madarasa ya kucheza kwa watu wenye ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa. Katika ugonjwa huo ubongo unashindwa kuupangia mwili wakati wa kuanza na kuendelea na mwendo, na mpigo unaotoka nje humsaidia mtu kupata hatua aliyoikosa ndani. Sisemi kwamba kibuki na madarasa yale ni kitu kimoja. Nasema mlango ni ule ule: sikio linaamrisha mguu pale nia peke yake inaposhindwa.

Lakini mpigo ni robo tu ya kazi, na hapa ndipo wengi wanaoiga ngoma kwa ajili ya afya wanapokosea. Sheitani akishapanda, huulizwa. Yule mgonjwa sasa ni kiti tu. Anayesema ni mwingine. Anasema jina lake, kilichomuudhi, anachotaka: pete, kitambaa, ngoma kwa wakati wake. Mume yupo anasikia, wifi yupo, mama mkwe yupo. Maneno ambayo mke asingethubutu kuyatamka jikoni yanatamkwa ukumbini, na familia inalazimika kujibu mbele ya mashahidi. Ugonjwa uliokuwa manung'uniko ya mtu mmoja chumbani unakuwa mapatano ya nyumba nzima.

Neno la zamani ni kupunga pepo, na wengi hulielewa kuwa ni kumfukuza. Katika kibuki fundi haahidi hivyo. Anaahidi kuwa mgeni atajulikana, atatulizwa, na ataishi na mwenyeji wake kwa masharti. Kwa mgonjwa wa maradhi ya kudumu, ahadi hiyo ni ya kweli kuliko ahadi ya kupona.

Kisha kuna kilinge, yaani chama cha waliokwisha kuchezewa. Mwele akishachezewa huwa mteja, na mteja ana deni la kuhudhuria: mwenzake akichezewa naye aende, aitikie, ashike mkono wa anayeanguka. Baadhi hupanda hadi wakawa mafundi. Mwanaanthropolojia John Janzen, aliyezifuatilia ngoma za tiba Kinshasa, Dar es Salaam, Swaziland (Eswatini ya leo) na Cape Town, aliiweka njia hii katikati ya kitabu chake cha mwaka 1992: aliyeumwa ndiye anayefundishwa kuuguza. Kliniki ya kisukari inaweza kumpima mtu miaka ishirini, na mwaka wa ishirini bado anaitwa mgonjwa. Kilinge kinampandisha cheo. Nikiulizwa kipande kimoja tu cha kuokoa katika ngoma hii, ningechukua hicho na kuacha vingine vyote.

Gharama zake zipo na ni nzito. Nyumba hukopa ili kulipia ngoma. Wapo waliochelewa hospitali wakingoja ramli, na mwenye kisukari anayeacha insulini kwa sababu ya ngoma anahatarisha roho yake. Masheikh wengi wanaikataa moja kwa moja, na mgonjwa anayeshika dini yake hawezi kuambiwa aiweke pembeni ili apate nafuu.

Kwa hiyo swali langu ni kama muundo unaweza kubaki bila sheitani. Uganda walishajibu. TASO, shirika la kuwasaidia watu wenye UKIMWI lililoanzishwa mwaka 1987 na Noerine Kaleeba na wenzake baada ya mumewe kufa kwa UKIMWI, lilikuwa na vikundi vya watu waishio na virusi walioimba, kucheza na kutoa ushuhuda wao mbele ya watu. Mgonjwa alikuwa ndiye msanii na ndiye mshauri wa mgonjwa mpya. Hakuna pepo, ila kilinge kipo.

Unguja vifaa havikosekani. Muziki wa kidumbak una ala kama sanduku, mkwasa na cherewa, unaanza taratibu na kukolea kidogo kidogo, kama mwili wenye shinikizo la damu unavyopaswa kupashwa moto. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Ni alasiri tatu za dakika 50, baada ya sala, kwenye ukumbi wa skuli. Kwa wazee wasioweza kusimama kuna maulidi ya homu, ambayo watu hupiga magoti au kukaa kwa safu wakayumba pamoja, pumzi zao zikienda na mwendo. Ila atakayeandaa asiajiri wapigaji tu. Awaalike jamaa wa mgonjwa wakae wasikie, na aliyetangulia kuugua apewe kazi ya kumpokea anayekuja.

Yule mama wa Ng'ambo magoti yake hayakupona. Kwa miaka iliyofuata nilikuwa nikimwona anapitiwa na wenzake jioni, mmoja kila upande, wakimwongoza taratibu vichochoroni. Wakifika kwenye ngoma, kiti chake cha plastiki kilikuwa kimekwisha wekwa karibu na kodiani, na mwele mpya alikalishwa mkekani mbele ya miguu yake, ili yeye awe wa kwanza kuona kidole kikicheza.