Bibi wa Ngome na Sauti Zake

Mwaka 1971 kampuni ya Hammer ya Uingereza ilitoa Countess Dracula, filamu ya kutisha iliyochota kisa chake kwa Elizabeth Báthory, bibi wa kikabaila wa Hungaria anayesimuliwa kwamba alioga damu ya wasichana ili asizeeke. Aliyeigiza bibi huyo alikuwa Ingrid Pitt. Sura ilikuwa yake na hasira ilikuwa yake, ila sauti iliyosikika sinema nzima ilikuwa ya mwigizaji mwingine, kwa kuwa watengenezaji waliifuta ya kwake. Ikapita miaka 27. Bendi ya metali kutoka Suffolk, Cradle of Filth, ilipoamua kutengeneza albamu nzima juu ya Báthory, ilimtafuta Pitt aje amsemee bibi yule kwa kinywa chake mwenyewe.

Sijui kama waliomwita walikusudia kulipa deni hilo la zamani. Ninachojua ni kwamba uamuzi ule unaonyesha namna bendi hii ilivyokuwa ikifikiri wakati huo: kila kitu kilianza na kuuliza nani aseme, na kwa sauti ipi.

Cruelty and the Beast ilitoka Mei 1998 kupitia lebo ya Music for Nations. Ni albamu yao ya tatu kamili. Ina vipande kumi, karibu saa nzima, na vyote vinafuata maisha ya mtu mmoja: utoto, ndoa, ujane, ukatili, kufungiwa, kifo. Kwa anayekutana nayo bila kuonywa ni vurugu tupu. Ngoma zinakimbia kama cherehani ya fundi usiku wa kuamkia Idi, magitaa yanakwaruza bila kupumua, na juu yake mwanamume anapiga ukelele ambao koo la kawaida lisingeuvumilia hata dakika moja. Simlaumu anayezima mapema. Namwomba tu arudi tena na swali moja kichwani: sasa hivi anasema nani?

Dani Filth, mwanzilishi wa bendi na mtunzi wa maneno yake, ana sauti nne kwa uchache. Upo ukelele wa juu, mwembamba, wenye makali. Upo mngurumo wa chini unaotokea tumboni. Ipo kauli ya katikati, ya kukwaruza, ambayo huitumia kusimulia. Halafu upo mnong'ono, na huo ndio ninaouogopa kuliko yote. Kila bendi ya aina hii ina mtu wa kupiga kelele. Hata Nairobi, kundi la Duma lilitoa albamu mwaka 2020 yenye ukelele wa kumtoa nyoka pangoni. Ufundi wa Dani uko katika kugawa. Katika "Thirteen Autumns and a Widow", wimbo unaopitia miaka ya mwanzo ya Elizabeth, msimulizi ana sauti yake, na hisia zinapopanda anampisha mwenye ukelele ashike neno moja au mawili, kisha anarudi kwenye simulizi kana kwamba hakuna aliyekatiza. Mara nyingine sauti mbili zimerekodiwa moja juu ya nyingine, ya juu na ya chini zikitamka neno lile lile, na msikilizaji anabaki hana hakika kama ni mtu mmoja au wawili. Ni ujanja mdogo, lakini katika hadithi ya mwanamke anayegawanyika ndani yake unafanya kazi kubwa.

Maneno yenyewe yamefungwa vina. Aliyelelewa na mashairi ya mizani ataitambua kazi hiyo haraka: vina vya mwisho vipo, na vya kati vimepandwa ndani ya mistari kwa ukarimu wa mtu anayejua kwamba anajua. Kiingereza chake ni cha kale kwa makusudi, kimejaa maneno ambayo Mwingereza wa leo huyafungulia kamusi. Wakati mwingine anazidisha, na mstari unabebeshwa vivumishi mpaka unayumba. Lakini kuzidisha ni desturi ya fasihi ya gothiki tangu Horace Walpole alipotoa The Castle of Otranto mwaka 1764, na ngome yake, na mahandaki yake, na ukoo uliolaaniwa. Sehemu ya kwanza ya wimbo wa nane wa albamu hii inamtaja waziwazi Usher wa Edgar Allan Poe katika jina lake. Vijana hawa walijua wamekaa baraza ya nani.

Nyuma ya Dani yuko Sarah Jezebel Deva. Bendi nyingi za wakati ule ziliweka sauti ya mwanamke kama ua kwenye koti: inapendeza, hukumbuki ilisema nini. Hapa yeye amepewa nafasi finyu na anaijaza. Huingia pale ambapo ukelele umefika mwisho wa uwezo wake na hauwezi tena kupanda, akaendeleza sauti ndefu isiyo na haraka, na ghafla ngome ina dari. Les Smith anafanya vivyo hivyo kwa vinanda vyake vya umeme, vinavyoiga fidla na kinanda cha kanisani. Magitaa ya Stuart Anstis na Gian Pyres yamejifunza kwa Iron Maiden, mawili yakipiga lahani moja kwa tofauti ya hatua chache. Bendi haikuficha shule hiyo, kwani toleo la ziada la albamu lina wimbo wa Maiden wenyewe, "Hallowed Be Thy Name". Robin Graves anashika besi. Nicholas Barker, kwenye ngoma, anasifiwa kwa kasi, nami humsifu zaidi kwa kusimama. Sikiliza "Beneath the Howling Stars", mahali anapoacha kukimbia na kuupa wimbo nafasi ya kutembea. Bila pumziko hilo kasi ya baadaye isingetisha mtu.

Kwa wapenzi wa reggae, mkasa mdogo pembeni: yote hayo yalirekodiwa Birmingham katika studio ya DEP International, mali ya UB40. Naam, ndio hao hao wa "Red Red Wine".

Sasa kuna jambo linalonikera, na sitalipita. Kipande cha tano, "Venus in Fear", hakina maneno. Kina muziki na vilio vya wanawake. Katika albamu iliyojaa wasemaji, wasichana waliouawa hawana neno hata moja. Wanalia tu, tena kwa namna iliyochanganya mateso na ashiki kama zilivyozoea filamu za Hammer. Anayetaka kulitetea hilo anaweza kusema kwamba kisa kinatazamwa kutoka ndani ya kichwa cha Báthory, na ndani humo watumishi ni milio tu. Hoja hiyo naielewa. Bado naona fundi aliyegawa sauti kwa uangalifu kiasi hicho angeweza kupata moja ya ziada.

Nalisema hilo kwa sababu watu wale walikuwepo. Elizabeth Báthory alizaliwa mwaka 1560, akaolewa na Ferenc Nádasdy, askari aliyepigana na Waosmani, akabaki mjane mwaka 1604. Mwishoni mwa Desemba 1610 György Thurzó, mkuu wa serikali ya mfalme katika Hungaria, alimkamata katika ngome ya Čachtice, ambayo leo iko Slovakia. Mashahidi wengi walieleza wasichana waliopigwa, waliochomwa, waliokufa. Watumishi wake watatu walihukumiwa na kuuawa Januari 1611. Yeye mwenyewe hakufikishwa mahakamani. Alizuiliwa ngomeni mwake hadi alipofariki Agosti 1614. Wapo wanahistoria wanaotilia shaka kesi nzima, wakikumbusha kwamba mfalme alikuwa na deni kwa familia ya Nádasdy na kwamba mjane tajiri ana maadui wasiohitaji sababu nyingi. Ama kuhusu kuoga damu, mashahidi wa wakati ule hawakulisema. Limechapishwa kwanza mwaka 1729, zaidi ya karne moja baada ya kifo chake, na László Turóczi, padri Mjesuti.

Cradle of Filth walichagua damu ya 1729, na jalada la albamu linaonyesha mwanamke ndani ya beseni lililojaa. Sina ugomvi na uchaguzi huo. Suffolk wanakotoka ndiko ambako mwaka 1645, mjini Bury St Edmunds, watu 18 walinyongwa siku moja kwa tuhuma za uchawi. Ni ardhi inayojua hadithi inavyoweza kumla mtu. Na kiusimulizi wamefanya jambo la busara: damu wameipa nyimbo za katikati, kisha wimbo mrefu kuliko zote, "Bathory Aria", wakaupa kifungo. Yaani kilele cha albamu kiko mahali ambapo hadithi na kumbukumbu za mahakama zinakutana: mwanamke aliyekuwa na kila kitu, sasa yuko ndani ya kuta, peke yake, akisubiri kufa.

"Bathory Aria" ina sehemu tatu na inachukua dakika 11. Inaanza pole pole, magitaa na vinanda vikivuta miguu. Hakuna haraka ya kufika popote. Dani anaanza chini, anapanda, bendi inakimbia, inachoka, inakimbia tena. Halafu kelele zinarudi nyuma na anasikika Ingrid Pitt. Hapigi kelele. Anasema tu, kwa lafudhi yake ya Ulaya ya mashariki, kama bibi aliyezoea kutiiwa na wengine na ambaye hajaona bado sababu ya kuacha kuamrisha. Pitt alizaliwa Warsaw mwaka 1937 na utotoni alifungwa na mama yake katika kambi ya Stutthof ya Wanazi. Sitaki kuifanya historia yake ipambe wimbo wa watu wengine, lakini ukishaijua, maneno ya mfungwa yakitoka kinywani mwake yana uzito ambao kijana wa miaka 24 na kipaza sauti asingeweza kuyapa. Dani alilielewa hilo, akanyamaza. Katika saa nzima ya kazi yake, ukimya ule ndio ninaouheshimu kuliko yote.

Kasoro zipo. Sauti ya ngoma katika toleo la 1998 ilitoka nyembamba na kavu, kazi ya Barker ikapotea kana kwamba anapigia chumba cha pili. Mashabiki walilalamika kwa miaka mingi, na wanamuziki wenyewe walikubali. Mwaka 2019 albamu ilichanganywa upya na Scott Atkins na kutolewa kwa jina la Re-Mistressed. Ngoma zimepata mwili, besi inasikika, na nyuzi za Anstis zilizokuwa zimefukiwa zimefukuliwa. Kasoro nyingine hakuna mchanganyiko wa kuiponya: baada ya "Aria" kinakuja kipande kifupi cha vinanda, "Portrait of the Dead Countess", ambacho kinafunga kisa vizuri kabisa, kisha bendi inarudi na "Lustmord and Wargasm", wimbo mzuri uliokaa mahali pabaya. Bibi amekwishakufa. Wangemwacha.

Msomaji unayetaka kujaribu, chukua toleo la 2019 na anzia wimbo wa nane, usianzie wa kwanza. Zima simu kwa dakika 11. Ukimsikia Ingrid Pitt na bado ukaona ni kelele, muziki huu si wako, na hakuna ubaya. Ukitaka kujua bibi yule alifikaje mle ndani, rudi mwanzo usikilize kwa mpangilio, hadi kipande cha tisa.