Ubeleko wa Kifuani

Mtoto mwenye uzito wa kilo 1 na gramu 200 anaenea kwenye viganja viwili na nafasi ikabaki. Ngozi yake ni nyembamba, mbavu zinaonekana zikipanda na kushuka, na pumzi yake mara huenda mbio, mara husita. Kumtoa mtoto huyo kitandani na kumfunga kifuani kwa mama yake ni kazi ya dakika chache. Ni ufundi ninaouheshimu mno, na unastahili kutazamwa bila haraka, kama tunavyosimama kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe kumtazama seremala akichonga mlango.

Muuguzi huanza na mikono yake: anaiosha, anaikausha, anahakikisha si ya baridi. Mkono mmoja unapita chini ya shingo na mgongo, vidole vikishikilia taya la chini ili kichwa kisiangukie mbele na kuziba njia ya hewa. Mkono wa pili unabeba makalio. Mtoto hana nguo ila nepi, kofia na soksi. Anasimamishwa wima katikati ya matiti, kifua kwa kifua, miguu imekunjwa na kutanuka kama ya chura. Kichwa kinageuzwa upande na kuinuliwa kidogo. Ndipo kitambaa kinapozungushwa, na hapa kwetu aghalabu ni kanga. Ukingo wa juu unafika chini kidogo ya sikio. Sehemu iliyokazwa inakaa juu ya kifua cha mtoto, tumbo linaachiwa nafasi ya kupumua. Ukikaza mno, anakosa pumzi. Ukilegeza, anateleza na kichwa kinazama. Kipimo chake hakimo kwenye mashine yoyote, kimo vidoleni mwa anayefunga.

Kufunga kitambaa si jambo geni Unguja. Mwanamke akijifungua, wakubwa humfunga mkaja tumboni. Mtoto akikaza shingo, hubebwa mgongoni kwa ubeleko. Kwa njiti, yaani mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, ubeleko umehamia mbele, na umekuja mapema.

Kinachowashtua wazee ni ule uchi. Tumezoea kumviringa mtoto mchanga: fulana, sweta, kanga, na blanketi juu yake. Kwa aliyetimiza miezi yake inafaa, maana nguo hutunza joto analolitoa mwenyewe. Njiti hana akiba ya mafuta mwilini ya kumpatia joto la kutosha. Ukimviringa nguo tupu, umefunika ubaridi wake. Kaa moja likianguka nje ya jiko huzima. Likirudishwa kati ya wenzake, hushika. Kifua cha mama ndilo jiko lenyewe.

Njia hii, tuliyoizoea kwa jina la kangaruu, ilianzia Bogotá, Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, daktari Edgar Rey Sanabria alipojikuta na watoto wengi kuliko inkubeta. Kwa miaka mingi iliyofuata utaratibu ulikuwa kwamba njiti kwanza atulie, na akishatulia ndipo apewe mama. Kwa hiyo walio dhaifu kabisa, wanaofariki siku za mwanzo, ndio waliokuwa wakingojeshwa.

Shirika la Afya Duniani likataka kujua itakuwaje wasipongojeshwa. Kuanzia mwaka 2017, hospitali 5 za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ya kwetu ikiwa Muhimbili, ziliwagawa kwa bahati nasibu watoto 3,211 waliozaliwa na uzito wa kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8. Kundi moja lilifuata utaratibu wa zamani. La pili liliwekwa kifuani mapema iwezekanavyo baada ya kuzaliwa. Katika kila watoto 100 waliongoja, karibu 16 walifariki ndani ya siku 28. Katika kila 100 ambao hawakungoja, walifariki 12. Faida ilionekana wazi hata utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati wake, kwa kuwa haikuwa haki tena kumngojesha mtoto yeyote. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021, na mwaka uliofuata Shirika likabadili mwongozo wake.

Tarakimu inayonigusa zaidi humo ni saa. Watoto wa kundi la pili, wakiwa bado katika chumba cha uangalizi maalumu, walikaa kifuani karibu saa 17 kwa siku. Wenzao, kama saa moja na nusu. Fikiria saa 17. Mama analala nusu ameketi, anakula na mtoto kifuani, anavuta uradi na mtoto kifuani. Akienda kuoga, bibi au shangazi anapokea zamu. Na ili saa hizo zipatikane, chumba kilichokuwa kikimwacha mama mlangoni kililazimika kumwekea kitanda, na wauguzi waliomjua mtoto peke yake wakajifunza kumtazama na mzazi: mshono wake, damu yake, usingizi wake.

Kulisha nako kuna mkono wake. Kabla ya kama wiki ya 34 ya mimba, mtoto bado hajaweza kupanga kunyonya, kumeza na kupumua kwa pamoja. Basi mama anakamua, kwanza dang'a, kila tone likithaminiwa. Mpira mwembamba unapitishwa hadi tumboni, maziwa yanatiwa kwenye bomba la sindano lisilo na kisukumio, muuguzi analiinua, na maziwa yanashuka kwa uzito wake yenyewe. Hasukumi. Baadaye huja kikombe kidogo kinachoegemezwa mdomo wa chini, mtoto ayarambe mwenyewe. Hapo pia hamiminiwi.

Moyo huohuo wa kutosukuma umewahi kuonekana Mnazi Mmoja, hospitali kuu ya rufaa ya Zanzibar, kwenye chumba cha kujifungulia. Utafiti wa PartoMa, ulioanza huko mwaka 2014, ulikaa na wakunga na madaktari wenyewe, ukaandika nao mwongozo mfupi unaolingana na idadi ya mikono iliyopo. Mafunzo yalirudiwa kila baada ya miezi michache, nje ya saa za kazi, na watu wakaja. Watoto waliozaliwa wafu walipungua kutoka 59 hadi 39 katika kila uzazi 1,000. Utafiti ulianza kwa kuheshimu mikono, ukazaa matunda.

Siku za njiti huhesabiwa kwenye mizani. Leo ameongeza gramu 15, kesho 20, kesho kutwa hakuna kitu, na kitambaa kinafungwa upya vilevile. Siku ya kuruhusiwa, mama anaondoka kuelekea Makunduchi au Nungwi na mtoto bado yumo kifuani, chini ya buibui, kwa kuwa kazi haijaisha.

Katika harusi zetu mama wa bibi harusi hupewa ubeleko, ada ya kumshukuru kwa kumbeba binti yake mgongoni. Msichana aliyezaliwa njiti akifika siku hiyo, atakayeipokea ada hiyo atajua kwamba alianza kumbeba mbele, saa 17 kwa siku, na kwamba kuna muuguzi aliyemwonyesha pa kufungia fundo.