Nasaba ya Pushkin: Fahari na Kimya

Wahenga walinena: mwacha asili ni mtumwa. Mwaka 1830 mwandishi Bulgarin alimkejeli Aleksandr Pushkin kwamba mhenga wake Mwafrika alinunuliwa kwa chupa ya pombe. Malenga akajibu kwa shairi, “Nasaba Yangu”. Beti nyingi zautukuza ukoo mkongwe wa babaye na kuwacheka makabaila wa juzi. Abram Gannibal, babu wa mamaye, angojea tamati. Na hapo ndipo shairi lipatapo uhai: tusi lageuzwa fahari.

Kasoro yake ni kimya. Mwaka 1742 Gannibal alitunukiwa na Malkia Elizaveta milki ya Mikhailovskoye, pamoja na watwana wake. Kitukuu aliitetea heshima ya mtumwa mmoja. Watwana wa mtumwa huyo hawakupata hata ubeti.