Jina kama Kinga: Kutoka Makongolosi hadi Rosa Mistika

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kulisoma jina la mhusika kama lebo. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, Adili ni mwadilifu, Hasidi ana husuda, Mwivu ana wivu. Msomaji hapewi nafasi ya kukosea. Mazoea hayo yanazifaa hadithi za kiistiari. Yakihamishiwa majina ya watu halisi yanapotosha, na yakirudishwa kwenye riwaya ya kihalisia yanapotosha zaidi.

Makongolosi ni mahali pazuri pa kuliona jambo hili. Mji huo wa wilaya ya Chunya, mkoani Mbeya, umekuzwa na dhahabu ya Lupa, iliyoanza kuvutia wachimbaji katika miaka ya 1920. Wakimbu, Wasafwa, Wanyakyusa na Wasukuma hukutana sokoni na kwenye makarasha, na majina ya watoto wao hukutana pia. Atupele ni shukrani ya Kinyakyusa: ametupa. Kulwa na Doto ni pacha wa Kisukuma, na Shija ndiye aliyezaliwa baada yao. Kwa asiyejua lugha husika, majina hayo ni sauti tu. Shida, Tabu, Mashaka na Masumbuko hayahitaji mkalimani. Ni Kiswahili; jirani wa kabila lolote huyaelewa siku ya kwanza.

Kwa usomaji wa lebo, Shida ni mtoto wa mkosi. Ndivyo baadhi ya wahubiri wanavyomwona, wakimtaja Yabesi wa Mambo ya Nyakati, aliyepewa na mamaye jina la huzuni ya kuzaliwa kwake. Shida hushauriwa ajiite Neema. Lakini jina hilo aghalabu halimwelezi mtoto hata kidogo. Linaeleza mimba ngumu, msiba, njaa au ugomvi wa mwaka ule, na msemaji wake ni mzazi. Palipotangulia vifo vya watoto wachanga, jina baya huwa na kazi nyingine: kumshusha mtoto thamani ili kinachowachukua wenzake kisimtamani. Wachina nao wanaijua hila hiyo. Gousheng, jina la nyumbani lenye maana ya kilichosazwa na mbwa, lilidhaniwa kumfanya mtoto akue salama. Wachina haohao huhesabu mistari ya kila herufi na kuangalia saa ya kuzaliwa ili jina rasmi livute bahati, kama wanajimu wa pwani yetu wanavyojumlisha abjadi za jina la mtoto na la mama kutafuta nyota. Jina huita, na jina hufukuza. Imani hizo mbili hukaa nyumba moja bila kugombana, na nadharia ya lebo haina pa kuiweka ile ya pili.

Hapo ndipo Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971) inapodai kusomwa upya. Rosa amepewa sifa ya Bikira Maria, kisha maisha yake yanakwenda kinyume nayo mpaka anajiua. Ni rahisi kuita hiyo kejeli na kufunga mjadala. Usomaji huo ni sahihi, ila ni mwembamba, kwa kuwa unampima Rosa kwa jina lake, kosa lilelile la kumpima Shida kwa lake. Jina likisomwa kama tendo la wazazi, linasimama karibu na fimbo ya Zakaria, baba mlevi anayempiga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana. Jina na fimbo vinalinda kitu kimoja, usichana wa Rosa. Rosa mwenyewe havimlindi. Anapofika chuoni hana alichofundishwa juu ya wanaume isipokuwa hofu, na hofu hiyo inaishia mlangoni mwa baba.

Shida anapogeuzwa Neema, neno la mamaye linafutwa. Kwa mwanamke ambaye hakuandika chochote, huenda hilo ndilo andiko pekee alilouachia mwaka ule.