Kitabu Kimejuaje? Hatua za Kuhakiki Vitabu Kuhusu Ufipa

Wahakiki wenzangu, mgeni hujitambulisha kabla hajaketi. Naandika kutoka Sumbawanga. Nasoma Kiswahili na Kiingereza, Kifipa nilikikuta nyumbani, Kifaransa sikijui. Vitabu ninavyohakiki zaidi vinahusu Ufipa, nyanda hizi za juu kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa, na vingi viliandikwa na watu waliokuja, wakauliza, wakaondoka. Mambo hayo nayasema mwanzoni kwa sababu msomaji akishajua nimesimama wapi, anaweza kupima hukumu yangu badala ya kuimeza. Mengine kuhusu mimi mtayaona katika kazi yenyewe, kwa hiyo nitaifungua hatua kwa hatua.

Wengi wetu tulijifunza uhakiki darasani, kwa ajili ya mtihani wa kidato cha nne: fani na maudhui. Maudhui yana dhamira, ujumbe, migogoro, msimamo na falsafa. Fani ina muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha. Mpangilio huo unamzuia mwanafunzi asiishie kusimulia hadithi, na hilo ni jema. Tatizo linaanza tunapoubeba hadi nje ya chumba cha mtihani. Ukishika kitabu cha historia au cha akiolojia, orodha ile inakuacha njiani, maana ilitungwa kwa ajili ya riwaya, tamthilia na ushairi. Tena inakufundisha kuuliza kitabu kinasema nini na kinasemaje, lakini haikufundishi kuuliza kimejuaje. Swali hilo ndilo ninaloanza nalo: nani aliulizwa, kwa lugha gani, lini, na nani hakuulizwa?

Mfano wangu ni *A State in the Making* cha Roy Willis, kilichotolewa na Indiana University Press mwaka 1981. Willis alikuwa mwanaanthropolojia aliyesomea Oxford na baadaye akafundisha Edinburgh. Kitabu chake kinaeleza namna dola zilivyojengeka Ufipa kabla ya ukoloni.

Hatua ya kwanza ni kuanzia nyuma. Kabla ya sura ya kwanza nasoma orodha ya vyanzo, tanbihi, faharasa na ramani, kisha natafuta miaka. Kitabu ni cha 1981, lakini Willis alikaa na Wafipa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kati ya nyakati hizo mbili nchi iligeuka: utemi ulifutwa kwa sheria mwaka 1963, Azimio la Arusha likaja mwaka 1967, Rukwa ikawa mkoa mwaka 1974, na katika miaka hiyohiyo ya 1970 watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa. Mhakiki asipoyasema haya, msomaji atadhani anasimuliwa kijiji anachokiona leo kando ya barabara ya Laela au Namanyere.

Miaka hiyo inatueleza pia habari ya wasimulizi. Wazee walioulizwa habari za ufalme walikuwa wakiona vyeo vya watemi wao vikifutwa, au vimekwisha kufutwa. Anayesimulia ufalme uliokwisha hasimulii kama yule ambaye mtemi wake bado yuko barazani. Hana tena cheo cha kulinda, ila ana kumbukumbu ya kutetea. Jambo hili halikiharibu kitabu. Linatuambia tu tusomeje kila mahali kinaposema kwamba wazee walisimulia.

Hatua ya pili ni kutafuta nguzo. Kila kitabu cha hoja kina sehemu moja ambayo ikiondolewa, jengo zima linayumba. Katika kitabu hiki nguzo hiyo ni simulizi ya Milanzi, ufalme wa zamani zaidi Ufipa. Wanawake watatu wageni wanafika mfalme akiwa hayupo, wanakalia kiti chake, naye akirudi anakuta mambo yamekwisha. Panafikiwa mapatano. Wageni, ambao ndio chimbuko la ukoo wa Watwa, wanapata utawala wa nchi. Milanzi inabaki na eneo dogo pamoja na heshima ya wa kwanza. Dola mbili za baadaye, Nkansi na Lyangalile, zilitawaliwa na watu wa ukoo huo wa Watwa.

Willis haisomi simulizi hii kama taarifa ya tukio la siku moja. Anaiona kuwa namna ya Wafipa ya kupanga uhusiano: mwenyeji na mgeni, mwanamume na mwanamke, kichwa na kiuno. Jozi hiyo ya mwisho alikwisha kuiandikia makala mwaka 1967 katika jarida la *Man*. Hapa mhakiki ana maswali mawili. La kwanza ni la upande: simulizi ikitolewa Milanzi itakuwa na sababu ya kumpa mwenyeji uzito, na ikitolewa nyumbani kwa Watwa itampa mgeni. Je, mwandishi anatuonyesha ni mdomo gani uliosema? La pili ni la kipimo: kuna jambo lolote ambalo likionekana, tafsiri hii itakubali kwamba imeshindwa?

Hukumu yangu ni kwamba tafsiri ya Willis ina nguvu inapoeleza kwa nini Milanzi ilibaki na heshima bila utawala, jambo ambalo historia ya vita na ushindi peke yake haiwezi kulieleza vizuri. Inalegea pale jozi hizohizo zinapopewa kazi ya kueleza mambo mengi mno. Jozi ikishaeleza kila kitu, haipimiki tena.

Hatua ya tatu ni kutafuta jambo linaloweza kuonwa kwa macho. Mnunuzi wa maharage hahukumu gunia kwa zile punje za juu. Huchoma bambo ubavuni akaona kilicho katikati. Kwa vitabu vya Ufipa, mahali pangu pa kuchoma bambo ni kilimo cha matuta. Nyanda hizi zina majani mengi na miti michache, kwa hiyo Wafipa hawakutegemea kukata matawi na kuyachoma ili wapate majivu, kama walivyofanya Wabemba ng'ambo ya mpaka. Wao hufukia majani ndani ya matuta wakati wa mvua, yakaoza yakawa mbolea, na ulezi hupandwa katika udongo huo msimu unaofuata. Mwandishi akikosea hapa, nitamwamini kwa shida atakaponieleza mambo ya ufalme yasiyoonekana.

Hatua hii inampa mhakiki wa hapa nafasi ambayo mhakiki wa London hana: anaweza kumpelekea mkulima maelezo ya kitabu na kumuuliza kama ndivyo. Maswali yawe ya kazi: nani anapiga tuta, mwezi gani, kwa jembe gani, kwa nini hapa na si pale. Ukimuuliza mtu kama kitabu kinasema kweli kuhusu Wafipa, atakujibu kwa adabu. Ukimuuliza habari ya tuta, atakusahihisha.

Hatua ya nne ni kukiweka kitabu kando ya vingine. *Fipa Families* cha Kathleen Smythe, cha mwaka 2006, kinaangalia Nkansi kuanzia 1880 hadi 1960, hasa namna familia na wamisionari Wakatoliki walivyokutana katika malezi ya watoto. Wamisionari hao, wa shirika la White Fathers, walifika Karema mwaka 1885, nao walikuwa watu wa kuandika. Smythe anatumia maandishi ya misheni pamoja na mahojiano ya wazee. Nguvu ya kitabu iko katika kukutanisha vyanzo hivyo viwili, maana shajara ya padri huandika kinachomhusu padri, na mzee hukumbuka kilichomhusu nyumbani. Unaposoma sura yoyote, uliza hapa nani anasikika zaidi.

*Contemplating the Fipa Ironworking* cha mwanaakiolojia Bertram Mapunda, cha mwaka 2010, kina ushahidi wa aina nyingine kabisa. Sehemu kubwa ya mashahidi wake hawasemi: matanuri, mirija ya udongo, mavi ya chuma. Malungu ni matanuri marefu kuliko mtu, yaliyovuta hewa yenyewe kupitia matundu ya chini bila mivukuto. Chuma kilichopatikana humo kilisafishwa katika vintengwe, matanuri madogo yaliyopulizwa. Mabaki kama hayo hayamheshimu mtemi wala kumwogopa padri. Lakini nayo yana ukimya wake. Yanaweza kueleza moto ulivyowaka, ila hayaelezi kwa urahisi nani alimiliki kazi ile na nani alifaidika nayo.

Ukiviweka vitabu hivi vitatu mezani unaona mgawanyo wa kazi. Willis anaelekea zaidi kwenye kiti cha enzi, Smythe nyumbani, Mapunda penye tanuri. Vinapokubaliana juu ya jambo moja, kauli ina uzito kwa sababu imefika kwa njia tofauti. Kimoja kinaposema peke yake, mhakiki aliseme hilo waziwazi.

Kipo pia kitabu ambacho sikihakiki. Askofu Adolphe Lechaptois, aliyeongoza vikariati ya Tanganyika kutoka Karema, alitoa *Aux rives du Tanganika* mwaka 1913. Ni cha Kifaransa. Wengine wanapokinukuu nafuata nukuu yao na kusema kwamba ni yao. Kumhukumu mtu kwa lugha usiyoisoma ni kuhukumu uvumi.

Riwaya na tamthilia nazipeleka njia hiyohiyo, kwa maswali machache zaidi. Katika *Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe* ya Edwin Semzaba, jibu la mtihani ni mapenzi na uzembe. Mimi naangalia kazi ya sensa inayoonyeshwa humo: namna karani anavyouliza, wanakijiji wanavyojibu, na karatasi zinavyoishia motoni. Tamthilia inaaminika kwa sababu Semzaba anaijua kazi ya kuhesabu watu na mahali inapoweza kukwama. Kimejuaje ni swali hata kwa kitabu cha kubuni.

Sasa vishawishi, kwa sababu mhakiki wa nyumbani ana viwili vyake. Kimoja ni kufurahia sifa. Joseph Thomson alipita Ufipa mwaka 1880 na akawasifu Wafipa kwa amani na kilimo chao; Willis naye, miaka mingi baadaye, aliona mengi ya kupendeza. Napenda kusoma hivyo, na ndiyo sababu kurasa hizo nazikagua mara mbili. Thomson alikuwa msafiri mwenye msafara wa kulisha, na nchi tulivu yenye chakula lazima imfurahishe mtu kama huyo.

Kishawishi cha pili ni kujitetea. Sote tunajua utani wa Watanzania kuhusu Sumbawanga na uchawi. Kitabu kikigusa mada hiyo, mhakiki wa hapa hutaka kukikataa kabla hajakisoma. Lakini Willis aliandika mwaka 1968, katika jarida la *Africa*, kuhusu Kamcape, harakati ya kuwasaka na kuwatakasa watuhumiwa wa uchawi, na makala ile inatufaa kwa sababu inauliza maswali ya kijamii: nani anashtaki, nani anashtakiwa, na nani anapata sauti kijijini baada ya hapo. Mwandishi anayeuliza hivyo anastahili kusomwa kwa utulivu. Anayetaja uchawi ili asisimue wasomaji wake hastahili nafasi hiyo.

Hatua ya mwisho ni uandishi, na hapa nina kanuni chache. Aya ya kwanza inasema kitabu nimekipataje: nimenunua, nimeazima au nimepewa na mwandishi. Muhtasari hauzidi robo ya uhakiki. Ushahidi unafuata pamoja na nambari za kurasa, kisha hukumu, kisha nani akisome. Sitoi nyota wala alama, kwa kuwa alama humwondolea msomaji kazi ya kufikiri na kumwachia ugomvi wa tarakimu. Kitabu ambacho nilisaidia kukihariri sikihakiki, hata mwandishi akiniomba vipi.

Nambari za kurasa nazisisitiza kwa sababu maalumu. Vitabu hivi si rahisi kuvipata mjini kwetu, bei yake ni kubwa, na lugha yake si ya kila mtu. Kwa wasomaji wengi, uhakiki wetu wa Kiswahili ndio kitabu watakachokijua. Kadiri msomaji anavyokuwa mbali na kitabu, ndivyo mhakiki anavyodaiwa ushahidi zaidi, maana hakuna wa kumsahihisha. Uvivu wetu unageuka kuwa historia ya watu.

Kwa anayeanza kusoma habari za Ufipa, ushauri wangu ni huu. Aanze na Smythe, kwa sababu vyanzo vyake vinaonekana na maisha ya nyumbani yanaeleweka haraka. Afuate Mapunda, ajifunze kusikiliza ushahidi usiosema. Willis amwache mwisho; ndiye mwenye hoja kubwa kuliko wote, na msomaji aliyekwisha kupita kwa wale wawili atakuwa na uwezo wa kubishana naye. Nanyi mkiona nimempendelea yeyote kati yao, nijibuni kwa ukurasa na mstari.